Mkono Mtupu Ukweni

Buhare, Musoma
8 Juni 2025

Maige mume wangu,

Nimehama. Kile chumba cha Buhare ulichokiona kikiwa kimejaa magunia ya mwenye nyumba sasa kina kitanda chetu, cherehani, meza na mimi. Nyasho nimewaachia wenyewe vyumba vyao viwili na umeme wao.

Mwenye nyumba, Mama Anastazia, aliniuliza, "Mume yuko wapi?" Nikamwambia yuko Bunda, amepata kibarua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye masufuria. "Msimu ukiisha atarudi?" Nikasema atarudi. "Haya," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulisikia hilo kwa wapangaji wengi.

Usinitafute kwa simu ya mtu. Yako umeuza, na mimi laini yangu nimeizima tangu wale wa mkopo walipompigia mwalimu mkuu wangu. Yule Flora wa ofisini kwao amesema atapiga namba zote tulizojaza kwenye fomu, hata za watu tuliowasahau. Kwa hiyo ni barua. Selestina muuza nyanya anatoka huko kila Alhamisi na kurudi kila Jumapili, amekubali kutubebea. Amenicheka: "Watu wenye digrii mnaandikiana kama wazee wa mkoloni!"

Tuliyokubaliana nimeyashika. Chai nakunywa bila sukari. Mkaa nimeacha, naokota kuni upande wa mlimani. Sato sijamgusa tangu uondoke. Nakula furu, visamaki vya bei rahisi, na furu wakipanda bei nakula mchicha. Nywele nimenyoa, saluni wasinione tena. Michango yote nimeikata: harusi, kipaimara, misiba. Kikundi cha akina mama wa Nyasho wamenifuta jina.

Hilo la misiba ndilo linalonikaa kifuani. Mimi ndiye niliyelisema, najua, na nililisema kwa sauti ya ualimu, kama nafundisha hesabu. Lakini juzi walipita na jeneza barabarani, watu wote wa mtaa wakatoka, mimi nikajifungia ndani nikasubiri wimbo upite. Nikajiona kama mwizi.

Nakumbuka ile siku mvua ilipowanyeshea dagaa wetu mchangani. Shehena nzima ya mkopo ikageuka uji, wewe ukasema angalau bata watashiba, tukacheka. Siku hizi najiuliza tulichekaje. Siogopi deni kama ninavyoogopa jinsi linavyotugeuza. Naogopa tutamaliza kulilipa halafu tukute sisi wenyewe hatupo, mimi na wewe, nyumba yetu.

Nakuomba kitu kimoja tu. Usifanye jambo lolote kwa ajili ya deni hili bila kuniambia kwanza. Njaa tutaivumilia. Siri sitaiweza.

Mkeo,
Wankyo


Kabasa, Bunda
12 Juni 2025

Wankyo wangu,

Umenyoa! Basi tumefanana, maana mimi nikitoka kiwandani kichwa chote ni cheupe kwa vumbi la pamba. Mama ananiita babu. Jana alinipokea, "Karibu babu, umefuata mjukuu gani?"

Nalala kwake, kwenye kile chumba cha kuwekea mbegu. Panya wananizoea. Chakula kipo, ugali wa muhogo, na mama anajifanya hapendi mboga ili mimi nile. Na mimi najifanya nimeshiba. Tunadanganyana vizuri.

Kuna habari mbaya. Mzee Masatu, mshenga wetu, amefiwa na mkewe. Nilikwenda mpaka karibu na maturubai, nikaona watu wanaandikisha rambirambi, nikapiga kona nyuma ya soko. Sikuwa na cha kushika mkononi. Nilijiambia tumekubaliana, michango yote. Lakini mzee yule alitembea na mimi mpaka kwa baba yako mara nne kukuombea wewe. Mara nne, kwa viatu vyake vya kushonwa shonwa. Sikulala vizuri.

Hapa mtaani kuna mtu wameng'oa mabati yake. Mkopo kama wetu. Walikuja na ngazi. Mkewe alikuwa ndani anapika, akaona mbingu.

Jumanne sitakwenda kazini. Nina shughuli ndogo ambayo ikifanikiwa itatupa pumzi. Usiniulize ni nini. Najua umesema tusifichane, lakini hii si siri, ni zawadi ambayo haijaiva.

Kula. Nakuambia kama mume: kula.

Maige


Buhare, Musoma
15 Juni 2025

Dada Penina,

Shikamoo. Barua hii nampa Matrida wa maziwa, akuletee huko Butiama mkononi mwako. Isome ukiwa peke yako.

Nina mimba. Zahanati wamenihakikishia. Maige hajui, na sitaki ajue kwa sasa. Namfahamu: akijua, ataacha kabisa kula ili aniletee mimi, au atafanya jambo la haraka. Tayari anapika jambo huko, ameniandikia kwamba Jumanne ana "shughuli." Nimelisoma neno hilo mpaka limepoteza maana. Anakwenda wapi? Kukopa kwingine ili alipe huku? Kuna wanaofanya hivyo, Penina. Wanahamisha shimo kutoka mlangoni kwenda chini ya kitanda.

Flora alikuja Ijumaa. Ungemwona usingeamini kwamba huyu ndiye anayetisha watu. Ni mama mnene, mpole, ana sauti ya mtu wa kwaya. Alikaa kitandani kwangu bila kukaribishwa.

"Mdogo wangu, hii cherehani ni ya miguu au ya mota?"

"Ya miguu."

"Nzuri hiyo. Siku hizi zimeadimika." Akaigusa, akalizungusha gurudumu lake, akasikiliza. Akainua pembe ya godoro, akaangalia chaga. "Mninga. Mlitengenezesha?"

"Ni zawadi ya harusi, kutoka kwa baba."

"Baba yako ana macho." Akacheka. "Usiogope, sijaja kwa ubaya. Nakuja kuona tu kilichopo, ili siku ikifika tusibishane."

Mara nikasikia kichefuchefu, nikatoka mbio. Niliporudi alikuwa ananitazama tofauti. "Hongera," akasema. "Basi kitanda tutakichukua mwisho."

Penina, alikuwa ananihurumia kweli. Hilo ndilo lililonitisha. Ningejua la kufanya kama angekuwa mkali.

Usimwambie baba kuhusu mimba wala kuhusu mkopo. Alimpa Maige mkono wake akaniachia niende, na alikwisha kusema mapema kwamba mfanyabiashara wa dagaa ni mtu wa mvua moja. Sitaki aone kwamba alisema kweli.

Mdogo wako,
Wankyo


Kabasa, Bunda
19 Juni 2025

Wankyo wangu,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Marejesho yote yaliyolala nimeyalipa jana, kupitia kwa wakala. Deni lenyewe bado lipo, lakini kwa muda Flora hana sababu ya kuja kukagua kitanda cha mtu.

Sasa nikueleze. Jumanne nilikwenda Butiama, kwa baba yako.

Nilitaka niende na mzee Masatu, maana ndiye anayejua kuongea naye. Lakini hebu piga hesabu na mimi: nauli ya watu wawili, sukari ya ukweni, kitenge cha mama, na mzee wa watu yuko matangani na hatujampa rambirambi. Nikaona hapa ndipo pa kubana. Nikaenda peke yangu, mkono mtupu. Aibu niliiona, lakini nikajipa moyo: huyu ni baba, si mtu wa ofisi.

Nilimkuta zizini. Nikamwamkia. Akaangalia nyuma yangu, kama anayesubiri mtu mwingine aingie.

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu, baba."

Nikamwambia mambo yamenibana, naomba anipatie ng'ombe wawili kati ya wale niliowaleta mimi.

"Hawa hawa ulioleta?"

"Ndiyo baba, hao hao. Wa kwako siwezi kuwagusa."

Unaona nilivyofikiria? Sikutaka kumpunguzia mali yake. Akawaangalia ng'ombe wanavyocheua.

"Binti yangu anajua?"

"Hajui. Nitamwambia."

"Umeamua?"

"Nimeamua, baba."

Hakusema neno lolote baya. Alimwita kaka yako Mseti, wakanifungulia wale wawili wa rangi ya kahawia. Halafu akasema, "Waliobaki tutakaa na wazee." Wankyo, waliobaki! Yaani yuko tayari kutusaidia zaidi! Mama hakutoka kunisalimia, nadhani alikuwa anaumwa. Hata chai sikupewa, lakini nani atadai chai kwa mtu aliyempa ng'ombe?

Nimewauza mnadani. Leo nimekula wali. Nisamehe, nilikula sahani mbili.

Mumeo,
Maige


Butiama
20 Juni 2025

Mdogo wangu Wankyo,

Barua yako niliificha kwenye pipa la unga. Sasa hakuna tena cha kuficha. Mumeo amekurudisha, au hajui alichofanya. Mimi nadhani hajui, lakini humu ndani niko peke yangu kudhani hivyo.

Alikuja Jumanne. Mama alipomwona tu anaingia getini bila mzee na bila mfuko, alirudi jikoni akaanza kulia. Alijua kabla mtu hajafungua mdomo. Si unakumbuka baba anavyosemaga? Mkwe akija na watu amekuja kujenga, akija peke yake amekuja kubomoa. Na huyu akasema kabisa anataka ng'ombe wake, wale wale alioleta. Baba akampa nafasi, Wankyo. Alimuuliza kama ameamua. Mseti alikuwa pale kwenye mlango wa zizi, anasema alijibu haraka kama mtu anayenunua soda.

Walipoondoka wale ng'ombe, baba alikaa palepale kwenye kinyesi. Hakutaka kiti. Akasema, "Ameniletea binti yangu kwa kamba mbili."

Na mimi nikaharibu. Walikuwa wanamtukana Maige, Mseti anasema amepata mwanamke Bunda, shangazi anasema alikuwaga na macho ya kuzurura tangu siku ya kwanza. Nikashindwa. Nikasema, "Acheni! Mwenzenu ana mimba ya huyo huyo mtu!" Nilidhani watalainika.

Baba akaniambia, "Basi mtoto atazaliwa hapa, na jina atapewa hapa. Ng'ombe wakishatoka, mtoto hana njia ya kupita kwenda kwa baba yake."

Nisamehe. Nilikuwa nakutetea.

Mseti anakuja kukuchukua Jumamosi ya tarehe 28, wewe na vyombo vyako. Ameshaazima kirikuu, kile kigari cha mizigo. Anatamba kijiweni, "Msomi wetu anarudi na cherehani." Usije wewe mwenyewe kabla ya hapo kujieleza. Ukikanyaga ua huu wiki hii, hata kwa kusalimia, watahesabu umerudi.

Dada yako,
Penina


Buhare, Musoma
22 Juni 2025

Maige,

Nina barua yako mkono mmoja na ya Penina mkono mwingine. Zinaeleza siku moja. Katika moja umepewa ng'ombe. Katika nyingine umeniacha.

Kwenu labda mkwe anaweza kuomba ng'ombe kama anavyoomba moto kwa jirani. Sikuwahi kukuuliza, na wewe hukuwahi kuniuliza. Nyumbani kwetu ng'ombe wa mahari wakirudi njia waliyojia, na aliyewafuata yuko peke yake, na ameulizwa kama ameamua akasema ameamua, basi mwanamke yule si wake tena. Hakuna hakimu. Najua tuna cheti cha kanisani. Baba atakuambia cheti hakizai ndama. Waliobaki, wazee watakaa kuamua wangapi nao warudi kwako, si kutusaidia. Mama hakuwa anaumwa. Chai hukupewa kwa sababu hukuwa mtu wa kupewa chai.

Ulikwenda bila mshenga ili tuokoe nauli.

Na sasa nikuambie langu, maana nilikukataza siri huku nimebeba yangu tumboni. Nina mimba. Nilikuficha ili usiache kula. Baba ameshajua, na amesema mtoto atakuwa wake, atapewa jina kwake. Yaani mtoto huyu bado hajawa na macho na tayari hana baba.

Jumamosi Mseti anakuja na gari. Nikipanda, nimekubali. Siwezi kwenda Butiama kujieleza, nikikanyaga ua ule nimerudi. Siwezi kukufuata Bunda, ofisi ya mkopo itasema nimetoroka na sahihi yangu. Nimebaki kwenye chumba hiki kama mtu aliyesimama kwenye jiwe katikati ya mto. Zamani nilikuwa nasikiliza hatua za Flora. Siku hizi kila gari linalopunguza mwendo hapo nje linanipeleka dirishani.

Kuna jambo jingine naona aibu kuliandika. Kuna saa najiuliza kama kweli hukujua. Umechoka, una njaa, una mke aliyenyoa kichwa anayekuhesabia punje za chumvi. Mtu anaweza kuamua kitu miguuni kabla hajajiambia kichwani. Niambie hukujua. Hata kama ni uongo, uandike vizuri.

Nenda kwa mzee Masatu. Piga magoti. Mwambie ni mimi niliyekataza rambirambi, anilaumu mimi. Aende nawe Butiama kabla ya Jumamosi aseme ulikosea mlango.

Wankyo


Kabasa, Bunda
26 Juni 2025

Wankyo,

Sikujua. Siwezi kuliandika vizuri kama ulivyotaka, lakini sikujua. Nilidhani baba yako ananipenda.

Mtoto. Nimeliandika neno hilo peke yake ili nilione.

Nimekwenda kwa mzee Masatu. Alisimama mlangoni, hakuniruhusu kupita. "Wewe ni wa wapi?" akaniuliza. Ananijua, Wankyo, alinijua nikiwa na kamasi. Nikasema mimi ni Maige. Akasema, "Maige ninayemjua angekuja kumzika mke wangu." Nilipiga magoti kwenye vumbi, watu wanaangalia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hata kama angetaka, mtu aliye matangani hawezi kwenda kusimamisha nyumba ya watu. Tanga litaanuliwa mwezi ujao. Kabla ya hapo hatoki.

Nimemuomba baba mdogo Ngolo. Amesema anaiogopa fimbo ya Mseti, ana goti bovu, hawezi kukimbia. Nikienda peke yangu tena nitakuwa nimethibitisha.

Nimefikiria siku tatu. Labda uende na Mseti. Kwa muda tu. Kule kuna maziwa, kuna mama yako. Nikiwaza mtoto anatengenezwa kwa furu na chai isiyo na sukari, naona baba yako anaweza kumlea kuliko mimi. Deni likiisha nitakuja na wazee na sukari na kila kitu, nianze upya kama mtu ambaye hajawahi kukuona.

Niambie kama nimekosea. Sijui tena kipi ni kubana na kipi ni kukata.

Maige


Buhare, Musoma
28 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Mseti ndiye anayekuletea barua hii, na gari lake halina kitu. Naomba usimgombeze kabla hujamaliza kusomewa.

Kaka alifika asubuhi. Hakutaka hata maji. Alianza kutoa vyombo, mimi nimesimama ukutani, na mume wangu ameniandikia niende. Nilikuwa nakwenda, baba. Nataka ujue hilo. Nilikuwa nimeshavaa viatu.

Godoro lilipofika mlangoni akatokea yule mama wa mkopo, Flora. Penina atakueleza ni nani. Nadhani jirani alimpigia simu.

"Hee! Kitanda kinasafiri kwenda wapi?"

Mseti akamjibu, "Na wewe ni nani wa kuuliza kitanda cha watu?"

"Mimi ndiye mwenyewe, kaka yangu, mpaka deni liishe."

Majirani wakacheka. Mseti unamjua, akichekwa anawaka. Akasema, "Huyu ni dada yangu, ameachika, anarudi kwao. Mdaiwa wako yuko Bunda, kamfuate kwenye pamba."

"Sahihi ziko mbili, na moja ni ya huyu. Kwao ni wapi?"

"Butiama. Ukifika ulizia zizi la mzee Nyamhanga, hata mtoto atakupeleka. Unadhani ametoka kwa maskini?"

"Zizi," Flora akasema taratibu. "Kuna ng'ombe?"

Sikuwahi kumziba Mseti mdomo. "Wa kukujaza ofisi yako mpaka ngazini!"

Watu hawakucheka tena. Flora alinigeukia, akanishika bega, kwa upole wake ule ule. "Mdogo wangu, nijibu wewe. Wewe ni mke wa Maige wa Bunda, au ni binti wa mzee wa Butiama? Nataka tu kujua nielekee wapi."

Baba, jibu halikuwa langu. Ningesema mimi ni mke wa Maige, ningekuwa nimekukanusha mbele ya kaka yangu, wewe uliyekwisha kusema si mke tena. Ningesema ni binti yako nimerudi, ningekuwa nimemwonyesha mlango wa zizi lako. Nikamwambia, "Anayejua ni baba. Kamuulize."

Amesema atakuja wiki ijayo. Mseti ameelewa alichofanya. Amerudisha godoro ndani mwenyewe, jasho linamtoka, hakuniaga.

Maige hakuja kunirudisha. Alikuja peke yake kwa sababu mimi nilimfundisha kukata kila kitu, akakata mshenga, ambaye yuko matangani, akakata sukari, hakujua kwamba anakata mimi. Hakuna mwanamke Bunda. Kuna mama yake, na chumba cha mbegu.

Huyo mama akifika atakuuliza alichoniuliza. Naogopa jibu lolote utakalompa.

Binti yako,
Wankyo


Butiama
6 Julai 2025

Wankyo,

Anayeandika ni Penina. Nimemwambia aandike ninavyosema, asilainishe.

Mgeni wako alifika Alhamisi, yeye na mwanaume mmoja wa ofisini kwao. Alisalimia vizuri. Alipewa kiti, akapewa maziwa, akayanywa akiangalia zizi. Akasifu ndama. Mimi ni mtu mzima, najua anayesifu ndama kwa macho ya kununua na anayesifu kwa macho ya kuchukua.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo, nilimwita makusudi. Mseti alikuwepo. Mama yako alisimama mlangoni. Yule mgeni akaniuliza, "Mzee, Wankyo ni wako?"

Niliwafikiria ng'ombe, sikufichi. Baba yangu aliwafuga mama zao, na mimi sikuwafuga ili wafuate dagaa waliooza. Nikamjibu, "Huyo ni mke wa watu. Nilimwoza. Kwake ni Bunda. Hapa hana kitu." Akauliza tena, nikarudia, mwenyekiti akasikia. Wakaaga.

Neno hilo sasa nimelisema mbele ya watu, na mimi sina midomo miwili. Ukiwa mke wa watu siku ya mdai, ni mke wa watu siku zote. Kwa hiyo wazee hawatakaa. Wale ng'ombe wawili nitasema mkwe wangu niliwaazima, na atawarudisha siku akiweza. Mtoto ni wa Maige, jina atampa yeye. Mzee Masatu akianua tanga, mumeo aje naye. Asije tena mkono mtupu. Sukari, hata kilo moja.

Mseti anasema ulijua unachofanya ulipomtuma yule mama kwangu. Penina anasema uliogopa tu. Mimi sijui. Nimekulea, na sijui.

Mama yako ameuliza kama siku zikikaribia utakuja kujifungulia hapa, yeye akiwa karibu yako, kama ilivyokuwa kwa Penina. Nimemwambia hapana. Yule mama wa ofisi alipokuwa anatoka getini alisema atapitapita, kuona kama kweli haupo. Akikukuta umelala ndani kwangu, nitamwambia nini?

Mke wa watu atajifungulia kwa watu wake.

Penina anataka kuongeza salamu za mama yako hapa chini. Nimemkatalia.

Ni mimi baba yako,
Nyamhanga